Ng'ombe Aliyeandikwa Kila Asubuhi

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa blanketi, jembe na hotuba mbili. Blanketi ninajifunika, jembe analitumia mke wangu, na hotuba nimezisahau. Nisichokisahau ni swali la yule binti mliyempokea kazini mwaka huu. Alinisogelea wakati soda zinagawiwa, akaniuliza, "Mwalimu Rajabu, hivi uliwezaje kuandika kitabu kizima huku unafundisha, unapanda milima na kufukuzana na wanafunzi wenye wajukuu?" Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana kwa mdomo ningemdanganya kidogo. Jibu lenyewe ndilo hili. Vyeo na mishahara nimeviruka. Kwanza vilikuwa vichache, halafu havikunifundisha kitu.

Mimi ni mtoto wa Msasani, hapa hapa Tukuyu mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na Kinyakyusa changu kilikuwa cha sokoni: nilijua kuhesabu mikungu ya ndizi, kuomba nipunguziwe, na kusema ndaga, yaani asante. Kwa elimu hiyo nilijiona mwenyeji kamili. Ndiyo maana miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, serikali iliposema kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, nami nikapangiwa kijiji kimoja juu ya Kawetele, sikuuliza mtu yeyote swali lolote. Nilifunga begi nikapanda mlima.

Siku ya kwanza mvua ilinipokea kabla ya mwenyekiti. Darasa lilikuwa ghala la kahawa, na kahawa yenyewe ilikuwa bado imo nusu. Wanafunzi walifika saa kumi jioni, wametoka shamba, miguu ina tope, karibu wote wanawake. Wanaume waliniambia watajiunga baada ya mavuno. Mavuno hayo, hadi nimestaafu, hayajaisha. Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi tulichokipaka unga mweusi wa betri kuukuu uliopondwa pamoja na majani. Chaki niliitunza kwenye kopo la maziwa, juu ya meko ya nyumba niliyopanga, kwa sababu kule chaki ikilala mezani asubuhi unaikuta laini kama ugali. Nyinyi mna kalamu za rangi. Sawa, lakini kopo langu msilicheke.

Vitabu vya kusomea vilikuwa vitatu kwa watu thelathini. Kufikia mwezi wa tatu nilijivunia sana, maana kila mtu alikuwa anasoma bila kukwama. Siku moja nikamsimamisha mama mmoja asome ukurasa wa saba. Alisoma wote, bila kosa hata moja, huku akitazama nje kuhakikisha mbuzi wake hali mahindi ya watu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa na darasa la kusoma, nilikuwa na kwaya. Walikuwa wamekikariri kitabu kizima kwa kusikilizana.

Walihitaji maneno ambayo hawajawahi kuyasikia. Ofisini wakaniambia vitabu vipya viko njiani, na kwa kuwa nilizifahamu njia zetu, niliamua kuandika mwenyewe. Nilitunga hadithi ya mzee mmoja aliyepotelewa na ng'ombe kwenye ukungu, akawa anamtafuta mji kwa mji. Niliona ni ujanja mzuri: kila mji atakaopita, atakuta choo kilichochimbwa vizuri, maji yaliyochemshwa, au mbolea. Ofisi itafurahi. Wanafunzi, kwa upande wao, hawakujali choo hata kidogo. Walitaka kujua ng'ombe yuko wapi.

Mwanzoni niliandika kama watu wengi wanavyoandika, yaani nikijisikia. Jumapili moja nilijisikia nikaandika kurasa nne, nikajiona mtu mkubwa. Jumatatu, Jumanne na Jumatano sikujisikia. Alhamisi wanawake wakaketi, wakaukodolea macho ubao mtupu, kisha mmoja akauliza kwa upole kama ng'ombe amekufa.

Jumamosi yake nilishuka mjini kwa mjomba wangu Salum, ambaye alikuwa na duka dogo la vitambaa, viberiti na sabuni. Nilimlalamikia kwamba mawazo hayaji kila siku. Aliendelea kupanga sabuni zake.

"Mimi hapa nafungua saa moja asubuhi," alisema. "Siku nyingine mvua inanyesha mpaka jioni, siuzi hata kiberiti. Nafunga, naenda zangu. Kesho saa moja nafungua tena. Unajua kwa nini?"

"Riziki haina siku, mjomba."

"Hiyo ni methali, mwanangu, nimekuuliza sababu. Nafungua kwa sababu mteja hawezi kuingia kwenye duka lililofungwa. Basi. Wewe unataka mteja apige hodi kwanza ndipo utafute ufunguo."

Nilirudi mlimani na daftari jipya lenye mistari, alilonipa bila kunitazama usoni. Tangu Jumatatu ile nilifungua duka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, kwenye kigoda karibu na moto. Ubao wangu ulibeba mistari kumi na miwili ya maandishi makubwa, kwa hiyo niliandika mistari kumi na miwili, isipungue, isizidi. Ukifika mstari wa kumi na mbili naacha, hata kama mzee amenyanyua mguu kuvuka mto. Kwanza niliona ni ukatili, halafu nikagundua kwamba asubuhi inayofuata sina kazi ya kutafuta pa kuanzia: mguu uko hewani, lazima utue mahali. Siku nyingi niliandika upuuzi, lakini upuuzi unafutika. Kwenye ukurasa mtupu utafuta nini?

Wanawake walianza kufika mapema. Mwenye bidii kuliko wote alikuwa Tusekile, mama wa watoto wawili. Mumewe alikuwa kafuata kazi ya migodi nje ya nchi, na barua zake zilisomwa na shemeji yake, kwa sauti, uani, mbele ya ukoo mzima. "Mume wangu akiniandikia neno langu mimi," aliniambia, "linafika kwangu limeshapita kwa watu kumi na wawili na kuku." Alitaka kuisoma barua moja tu peke yake, mlango umefungwa. Mpaka leo sijapata kusikia sababu nzuri kuliko hiyo ya kwenda darasani.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Mzee Gwakisa. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa ng'ombe, mwenye koti la mvua lililofika miguuni, na ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Kulikuwa na minong'ono kwamba ghala litawekwa mbolea na darasa litafute mti. Mkono mtupu haulambwi, na mimi sikuwa na cha kumpa mwenyekiti isipokuwa maneno. Kwa hiyo asubuhi moja nikampa yule mzee wa hadithi jina. Nikamwita Mzee Gwakisa. Mwenyewe nilipomwambia alicheka mpaka koti likatikisika. Kesho yake alikuwa ameshawatangazia watu hadi Kiwira kwamba ameingia kitabuni, na suala la mbolea likafa.

Jioni ya siku ile niliyoliandika jina nilimwita Tusekile mbele asome. Alisoma vizuri hadi mstari wa tatu, akalifikia jina, akanyamaza. Nikagonga ubao kwa fimbo. Akajivutia kanga usoni, akarudi kuketi. Nikamwita mwingine, naye akafanya vile vile. Wa tatu hakuinuka kabisa.

Nilikasirika. Nikasema, "Jana mmesoma 'mbolea', leo mnashindwa na jina la mwenyekiti wenu?" Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu niliyefundishwa njia za kufundishia, nikaligawa jina hilo silabi kwa silabi ubaoni, nikaamuru darasa zima liimbe pamoja: gwa, ki, sa. Sauti zilizonifuata zilikuwa chache sana. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Gwa! Ki! Sa! Wanawake kadhaa walitoka nje wameinama kama watu wanaokimbia nyuki.

Kesho yake walikosekana saba. Kesho kutwa kumi na mmoja. Tusekile hakuonekana. Na hapo nikapata barua kwamba mkaguzi wa elimu atakuja mwisho wa mwezi kusikiliza watu wakisoma, na kwamba madarasa yasiyo na wasomaji yatafungwa ili walimu wapelekwe penye mwitikio. Nilizisoma habari hizo mbele ya vigoda vitupu.

Aliyenifumbua macho ni Bibi Tupokigwe, mjane aliyekaa nyuma kabisa darasani na kusinzia kwa heshima. Alinikuta mlangoni kwangu, akaketi bila kukaribishwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa machozi kwa ncha ya kanga.

"Gwe Mwalimu," alisema, "umewaimbisha wale mabinti jina la baba mkwe!"

"Baba mkwe wa nani?"

"Wa Tusekile. Na wale wengine, ni baba mkwe mdogo, baba mkwe mkubwa, ni ukoo ule ule. Mkamwana hamtaji baba wa mume wake. Hamtazami. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Wewe unamwambia, taja! Tena kwa vipande vipande!"

Nilikuwa nimesikia habari za desturi hiyo, kama mtu anavyosikia habari za nchi ya jirani. Baadhi ya watu, hasa wa kanisani, walikuwa wameshailegeza. Ukoo wa mwenyekiti ulikuwa bado umeikamata barabara. Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka naangalia chini. Si aibu ya kutojua. Ilikuwa aibu ya kugonga ubao.

Tatizo likawa hili. Nikilifuta jina, mwenyekiti atajiona ametolewa kitabuni hadharani, na ufunguo anao yeye. Nikiliacha, Tusekile harudi, barua zake zitaendelea kusomwa uani, na mkaguzi atafunga darasa. Nilikaa siku tatu bila kuandika. Siku ya nne nilimkumbuka mjomba na sabuni zake, nikafungua daftari kwa hasira, nikaandika mistari kumi na miwili juu ya ukungu. Haikufaa. Siku ya tano niliandika juu ya mto. Haikufaa vile vile. Siku ya sita nilikuwa nimechoka kumfuata yule mzee ambaye siwezi kumwita, nikaona heri nikae na ng'ombe, angalau yeye sina ugomvi naye. Mkono ukaandika: *Mimi ni ng'ombe. Nimepotea, lakini mimi najua nilipo. Ambaye hajui ni bwana wangu.*

Niliangua kicheko peke yangu jikoni. Ng'ombe hamtaji bwana wake! Anamwita bwana wangu, kwa adabu zote. Niliufikia mstari wa kumi na mbili nikitamani kuendelea, nikaacha. Vijana, wazo hilo nisingelipata kwa kukaa kulisubiri. Lilinikuta nimeshaketi kwenye kigoda, nimechafua kurasa mbili.

Jioni Bibi Tupokigwe aliusikiliza ukurasa huo, mara hii hakusinzia. Akatamka, "Huyu ng'ombe ana adabu kuliko mwalimu." Maneno hayo yakazunguka kijiji kabla ya giza kuingia. Kufikia Ijumaa vigoda vilikuwa vimejaa, na Tusekile alikuwa mbele, anacheka, kwa sababu nilikuwa nimemfanya ng'ombe ajifiche kwenye migomba kila anapomwona bwana wake. Walijiona wenyewe pale ubaoni, wakapiga vigelegele. Sijawahi kupata wasomaji wa namna hiyo tena.

Mzee Gwakisa alikuja Jumamosi, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwalimu, naambiwa nimefutwa."

"Hapana, Mzee. Umo kila siku. Ila sasa anayesimulia ni ng'ombe wako, na ng'ombe atakutajaje wewe kwa jina?"

Akafungua kifungo kimoja cha juu.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Nimefundishwa baada ya kuharibu."

"Mimi nilijua," alisema taratibu. "Siku ile ile nilijua kwamba wakamwana zangu wamo mle ndani. Lakini jina langu kwenye kitabu, Mwalimu! Nilifurahi mno, nikanyamaza." Akautoa ufunguo wa ghala, akaniwekea mkononi, akaondoka bila kuniaga.

Basi kila asubuhi ng'ombe aliandikwa. Choo nilikichomeka pale ofisi ilipobana sana, na ng'ombe alikisifu kwa mbali. Tusekile alianza kunirekebisha. Aliniambia ng'ombe wa kwetu hali majani yale, na kwamba ng'ombe mwenye mimba hapandi kilima kile. Nilifuta nikaandika upya. Baadaye kurasa hizo zilipigwa stensili zikashonwa kuwa kitabu, na mnakijua, kwa sababu nakala yake moja imetegemeza mguu wa meza yenu ya mapokezi. Nimeiona.

Siku ya mkaguzi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari lilikwama barabarani chini, akapanda kwa miguu, suruali imepakwa tope hadi magotini. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mpole, mwenye haraka. Ilibidi mwenyekiti wa kijiji akae naye meza kuu, ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, chaki kavu, ubao uliopakwa upya, chai. Hilo sikulifikiria. Mzee Gwakisa aliketi mbele kabisa, na papo hapo nikaona safu nzima ya wanawake ikiinuka na kutoka. Tusekile alikuwa hajaingia hata kidogo. Alisimama nje kwenye migomba, amejifunika jani la mgomba kichwani, mgongo umetugeukia.

Waliobaki walisoma kwa kusitasita. Bibi Tupokigwe alisoma maneno manne, akasema macho yanauma. Mkaguzi akaandika kitu, akatazama saa.

"Mwalimu, kwenye taarifa yako umeandika una msomaji hodari. Yuko wapi?"

Ningemwelezaje desturi ile, mbele ya mwenyewe, kwa dakika mbili? Nilifungua mdomo, na kabla sijatoa neno Mzee Gwakisa akasimama.

"Mgeni wetu," alisema, "naona nishuke nikalikague gari lako. Mvua hii inaweza kulisogeza."

"Mzee, dereva yupo."

"Dereva ni kijana. Gari linahitaji mtu mzima." Akatoka, akapita mlango wa upande, bila kutazama kule kwenye migomba.

Tusekile akaingia, maji yanamtiririka. Alishika fimbo akasoma mistari kumi na miwili yote, polepole mwanzoni, kisha kama mtu anayezungumza nyumbani kwake. Mkaguzi akatoa gazeti mfukoni, akamfunulia mahali popote. Akasoma hilo pia. Wanawake walikuwa wamesharudi wote, wamejazana mlangoni, na mkaguzi alikuwa ameweka kalamu chini.

Nilitoka nikaenda nyuma ya ghala ili niteme mate na kupumua. Mzee Gwakisa alikuwa pale, amebanana na ukuta wa mbao chini ya paa fupi, koti lake limelowa hadi ndani. Gari lilikuwa chini kabisa ya mlima.

"Ni yeye?" alininong'oneza.

"Ndiye, Mzee."

"Miaka sita yuko nyumbani kwangu. Nakula chakula chake. Nikipita ananyamaza, ndivyo inavyotakiwa, nami napita upesi nisimsumbue." Alipangusa uso, na sikutaka kujua kama ni mvua. "Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia. Kumbe ana sauti hii."

"Niingie nimalize, Mzee? Mkaguzi ameridhika. Unaweza kurudi."

"Usimalize," alisema. "Mpe ukurasa mwingine. Waambie Mwenyekiti bado anakagua gari."

Nilirudi ndani nikamwambia mkaguzi kwamba kuna ukurasa mmoja zaidi, wa asubuhi ile, ambao hakuna mtu aliyeuona. Nikampa Tusekile daftari langu mkononi. Aliutazama ukurasa, kisha akautazama ukuta wa nyuma, pale penye mwanya kati ya mbao, palipoonekana kipande cha koti la mvua lililolowa. Akasogea hatua mbili kuelekea ukuta ule, akapandisha sauti, akaanza kusoma.